Kilo 12 za misuli kwa siku 28: jamani, hili lina ukweli?

KakaMkubwa

Wadau, salaam. Naomba wenye ujuzi wa mazoezi wanisaidie kabla mambo hayajaharibika nyumbani.

Nina mdogo wangu wa miaka 19. Ana kilo 61, mrefu, mwembamba tangu utotoni kama sisi wote wa upande wa mama. Mwaka huu ameanza kunyanyua vyuma, nami nilifurahi, maana siku hizi analala mapema, anakula kwa wakati na ameacha kukesha na simu. Tatizo limeingia mwezi huu. Amekutana na jamaa anayeuza programu mtandaoni, anaahidi "kilo 12 za misuli mitupu ndani ya siku 28". Kuna picha mbili. Ya kwanza jamaa amelegea, tumbo nje, mabega chini, uso kama mtu anayeumwa. Ya pili kifua kimejaa na mishipa imetokeza hadi tumboni. Anadai kati ya picha hizo zimepita wiki nne tu.

Mdogo wangu haoni kingine. Anapanda mzani asubuhi, anapanda tena usiku, na namba isipoongezeka hasemi na mtu. Juzi aliniambia wale wenzake wa jimu waliofanya mazoezi miaka mitatu wamepoteza muda kwa sababu hawakuijua "siri". Nilipomwuliza ushahidi uko wapi, akanionyesha maandishi ya muuzaji: eti jambo hili lilithibitishwa chuo kikuu huko Marekani mwaka 1973, na kuna mtu aliongeza misuli zaidi ya mara mbili ya hiyo kwa siku hizohizo 28. Hapo nikakosa la kusema. Mimi si mtaalamu, na sitaki kubishana na dogo kwa kupandisha sauti tu.

Hiyo habari ya 1973 ni ya kweli au imetungwa? Na kama yupo aliyeweza, kwa nini mdogo wangu asiweze? Naomba majibu yenye uzito, nitakaa naye tuyasome pamoja.

ChumaMoto

Mkuu, usimvunje moyo dogo. Mimi niliongeza kilo 6 kwa kama wiki tatu, bila sindano, bila kidonge chochote. Mashati yalinibana mabegani, watu wakawa wananiuliza natumia nini. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema haiwezekani huwa nashangaa, mwili wangu mwenyewe ni ushahidi. Kilo 12 ni nyingi, nakubali, ila mwache ajaribu. Akipata nusu yake si ameshafika mbali?

KochaWaAlfajiri

Kaka, tukio la 1973 lilikuwepo. Ndiyo maana linauza: ukienda kulitafuta unalikuta. Kilichofichwa ni habari za huyo mtu aliyepimwa.

Ilikuwa Mei 1973, mjini Fort Collins, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Mwenye jaribio ni Arthur Jones, mwanzilishi wa mashine za mazoezi za Nautilus. Aliyefanya mazoezi ni Casey Viator. Kwa taarifa ya Jones, ndani ya siku 28 Viator alipanda kutoka karibu kilo 75.7 hadi kilo 96.2, yaani ongezeko la kilo 20.5, huku mafuta yakipungua zaidi ya kilo 8. Ukijumlisha unapata "misuli" ya karibu kilo 28.7. Muuzaji wa mdogo wako hajazitunga namba hizo.

Sasa mwambie mdogo wako Viator alikuwa nani. Mwaka 1971 alishinda taji la Mr. America, la wajenga misuli, akiwa na miaka 19, umri uleule wa mdogo wako, na hakuna aliyewahi kulitwaa akiwa mdogo kuliko hapo. Mapema mwaka 1973 alipata ajali ya mashine kazini, akapoteza sehemu ya kidole, kisha sindano ya kuzuia pepopunda ikamletea mzio uliokaribia kumuua. Alikonda vibaya sana. Kwa hiyo aliyepanda mzani siku ya kwanza ya jaribio alikuwa bingwa aliyepukutika, na mwili wake ulikuwa unarudi ulikotoka. Jones mwenyewe aliandika kwamba sehemu kubwa ya ongezeko lile ilikuwa ni kurudisha kilichopotea. Sentensi hiyo huioni kwenye tangazo. Tena hakukuwa na kundi la kulinganisha, na mwenye jaribio ndiye mwenye mashine zilizotakiwa kununuliwa.

Tuache historia, tupige hesabu, maana vijana wa umri huo wakipewa hesabu wanaelewa haraka kuliko wakipewa mawaidha.

Msuli kwa sehemu kubwa ni maji, kama robo tatu. Protini ni karibu sehemu moja ya tano. Kilo 12 kwa siku 28 ni kama gramu 430 za msuli mpya kila siku, na ndani yake protini kama gramu 86. Angalia vizuri: gramu hizo 86 hazihusu kile anachokula. Ni zile zinazotakiwa kubaki ndani ya misuli kila siku, bila kukosa hata siku moja. Kijana wa kilo 61 anayekula protini ya kumtosha vizuri anakula kama gramu 100 kwa siku. Kutoka hapo mwili unatengeneza upya ngozi, utumbo, ini, damu na vimeng'enya, na nyingine unaichoma tu kama nishati. Ili ahadi ya muuzaji itimie, karibu kila gramu anayomeza ingekwenda moja kwa moja kwenye misuli na viungo vingine vyote vibaki bila kitu. Akiongeza chakula mara mbili, ziada haigeuki msuli kwa sababu tu ipo. Misuli ina kasi yake ya kujenga, na kinachozidi kinachomwa au kinaishia kwenye mafuta.

Na hata dawa haifiki huko. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa Bhasin na wenzake. Wanaume 43 waliowahi kunyanyua vyuma waligawanywa makundi manne kwa wiki 10. Baadhi walichomwa testosteroni miligramu 600 kila wiki, kipimo ambacho ni kama mara sita ya kile wanachopewa wanaume wenye upungufu wa homoni hiyo. Waliochomwa na kufanya mazoezi waliongeza kwa wastani kilo 6.1 za mwili usio mafuta. Waliofanya mazoezi wakachomwa sindano isiyo na dawa waliongeza karibu kilo 2. Na hawa ndio wanaoniuma roho: waliochomwa dawa wakakaa bila mazoezi kabisa waliongeza kilo 3.2, kuliko waliotoka jasho bila dawa.

Soma tena. Dawa nyingi kiasi hicho, mazoezi yanayosimamiwa, chakula kinachofuatiliwa, wiki 10: kilo 6. Mtu anayeahidi kilo 12 kwa wiki 4 kwa kupanga seti na chakula anadai kuishinda sindano mara mbili kwa chini ya nusu ya muda. Ama hapimi misuli, ama anatumia kitu asichokisema.

ChumaMoto, sikukatalii kilo zako 6, mzani ulizisoma. Nina swali moja tu kwako: kabla ya wiki hizo tatu, uliwahi kuwa mtu wa mazoezi ukasimama?

MpimaMwili

Naongezea kidogo upande wa vipimo, maana ndiyo kazi yangu.

Mashine nyingi za jimu zinazokuambia "una kilo kadhaa za misuli" hazijauona msuli. Zinapitisha umeme mdogo mwilini, zinaangalia unavyopita kwenye maji, halafu zinakisia. Ukinywa maji, ukitoka jasho, ukila chumvi nyingi au ukipimwa mara tu baada ya mazoezi, "misuli" yako inabadilika ndani ya siku hiyohiyo. Hata kipimo cha DEXA, kinachotumia eksirei na ni bora zaidi ya hizo, kinakupa uzito usio mafuta na usio mfupa. Ndani yake kuna maji, viungo vya ndani na vyote vingine. Mtu akiandika "nimeongeza misuli kilo 5 kwa kipimo cha DEXA" huwa namwuliza kwanza alikuwa amekula nini siku ya kipimo cha kwanza.

Wapo wanaolijua hilo na kulitumia. Wanajikausha, wanaacha wanga siku kadhaa, wanapimwa. Kisha wanakula, wanakunywa, wanapimwa tena. Karatasi ni halali kabisa, mhuri upo, na msuli haujaongezeka hata kidogo.

ChumaMoto

Dada kocha, ndiyo. Nilicheza mpira tangu utoto na nilinyanyua vyuma kwa miaka kadhaa. Nikavunjika mguu, nikakaa karibu mwaka mzima bila kufanya lolote, nikapungua sana. Hizo kilo 6 ni za niliporudi. Halafu siku hizo nilikuwa nimeanza na kreatini pia, ule unga wanaotumia watu wa mazoezi.

KochaWaAlfajiri

Asante kwa kuliweka wazi. Basi wewe na Viator mmepita njia moja, yeye kwa ukubwa wake na wewe kwa wako.

Msuli uliowahi kujengwa hurudi upesi kuliko unavyojengwa mara ya kwanza. Moja ya maelezo ni viini vya seli za msuli. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo walionyesha kwenye panya kwamba viini vinavyoongezeka msuli unapokua hubaki hata msuli ukisinyaa. Kwa binadamu jambo hilo bado linajadiliwa, ila urudiaji wenyewe kila kocha ameuona: mtu aliyetoka kwenye jeraha anajaa ndani ya wiki chache kiasi cha kukuogopesha. Juu ya hapo kuna maji. Kreatini inapoanza kutumika hubakiza maji ndani ya misuli, na kilo moja au mbili kwenye mzani ndani ya wiki ya kwanza ni jambo la kawaida. Wanga nao: kila gramu ya glikojeni, yaani wanga unaowekwa akiba mwilini, huambatana na kama gramu 3 za maji, na misuli ya mtu mzima inaweza kubeba gramu mia nne, mia tano za glikojeni. Mtu aliyekuwa hali vizuri akianza kula, kilo zinapanda hata kabla hajagusa chuma.

Kisha kuna uvimbe. Utafiti wa Brazil uliotolewa mwaka 2016 uliwafuatilia vijana wapya kwenye vyuma. Baada ya wiki tatu hivi misuli ilipimwa ikaonekana imenenepa, lakini sehemu kubwa ya unene ule ilikuwa uvimbe wa maji, kwa kuwa msuli usiozoea umeumizwa na kazi. Ukuaji wenyewe ulikuja kuonekana vizuri kufikia wiki ya 10. Kwa hiyo yule anayepimwa mkono kwa utepe wiki ya tatu akashangilia sentimita yake, asiachwe aamini kwamba kila wiki tatu zitamletea nyingine.

Ndiyo maana nasema ushahidi wako, ChumaMoto, ni wa kweli kwako, na haumfai kijana wa kilo 61 ambaye hajawahi kuwa na kilo 70. Hana pa kurudi. Anajenga mara ya kwanza.

KakaMkubwa

Nimekaa na dogo jana usiku, tumesoma yote. Ile hesabu ya gramu 86 aliirudia mwenyewe kwenye karatasi, akanyamaza. Halafu akauliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake. La kwanza: kama misuli haikui haraka hivyo, mbona vyuma anavyobeba sasa ni karibu mara mbili ya alivyoanza navyo? La pili: basi yeye ategemee kiasi gani? La tatu hakuniuliza mimi, nililiona kwenye simu yake kwa bahati: alikuwa anaongea na mtu kuhusu vidonge. Naomba tusaidiane na hilo hasa.

KochaWaAlfajiri

Nguvu kwanza, kwa sababu hapo ana haki ya kujivunia. Miezi ya mwanzo nguvu hupanda mbele ya ukubwa. Ubongo na neva vinajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja, na misuli inayopingana inaacha kuzuiana. Kuongeza mzigo mara mbili wakati mkono unaonekana uleule hakumaanishi programu yake ni mbovu. Kunaonyesha inafanya kazi.

Kiasi gani? Kijana mgeni, anayekula na kulala vizuri, akikaribia kilo moja ya msuli kwa mwezi katika miezi ya mwanzo, mimi kama kocha nampongeza kwa dhati. Wengi wanapata chini ya hapo, na kasi inapungua kadiri miaka inavyokwenda. Tena watu hatufanani. Mwaka 2005 ulitoka utafiti wa watu 585, wanawake kwa wanaume, waliofundishwa mkono mmoja kwa wiki 12 kwa programu moja. Kuna ambao msuli wa mkono ulipungua asilimia 2, na kuna aliyeongeza asilimia 59. Programu ileile! Aliyeongeza 59 akipiga picha na kuanza kuuza "siri yake", hata kama hadanganyi, anauza mwili aliozaliwa nao.

Picha zenyewe sitaki kuzirefushia maneno. Umeielezea ya kwanza vizuri: tumbo limeachiwa, mabega yameangushwa, uso umenunishwa. Taa ya juu inayotupa kivuli, seti chache za kujaza damu, mwili uliokaushwa maji, nywele za kifua kunyolewa, na ya pili inapatikana siku hiyohiyo. Au ya "kabla" imepigwa wakati mtu ametoka kwenye jeraha.

Sasa vidonge, na hapa naomba usome naye polepole.

Vingi vinavyouzwa kwa vijana kwenye simu huitwa SARM, dawa zinazoiga kazi ya testosteroni, na vijana huambiwa ni salama kwa kuwa "si steroidi". Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo la wazi juu ya bidhaa hizo: madhara kwenye ini, na hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hazijaidhinishwa kwa kujenga mwili. Na kilichoandikwa kwenye kopo si lazima ndicho kilichomo.

Testosteroni ya sindano nayo, dogo akiambiwa ni "homoni ya asili tu", mweleze hivi. Ukiingiza homoni hiyo kutoka nje, ubongo unaacha kuziamuru korodani kufanya kazi. Zinasinyaa, mbegu zinapungua. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya kuijaribu testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, miligramu 200 kwa wiki, na zaidi ya nusu yao mbegu zilifika sifuri. Hiyo ni theluthi moja ya kipimo cha utafiti ule wa 1996. Kijana wa miaka 19 hajaanza kufikiria watoto, na hapo ndipo wanapomkamata. Wale waliojaribiwa walikuwa na madaktari wa kuwafuatilia hadi mbegu ziliporudi. Anayenunua kwenye simu hana mtu huyo.

Nimewapoteza vijana wazuri kwenye jimu kwa njia hii, na sikuwapoteza kwa sababu ya uvivu. Waliahidiwa mwezi mmoja, mwezi ukaisha, wakaamini miili yao ina kasoro. Baadhi wakaacha kabisa, wengine wakatafuta cha kumeza. Mdogo wako yuko hapo katikati sasa hivi, kaka, kwa hiyo usimnyang'anye simu. Mwulize nani aliyempa na kama ameshameza. Akisema ndiyo, mpeleke kwa daktari akapimwe ini, shinikizo la damu na homoni, na aseme ukweli mbele ya daktari bila wewe kumkaripia.

MpimaMwili

Na mzani ule wa asubuhi na usiku auache. Uzito wa mtu mzima mwenye afya unaweza kupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku kwa chakula, maji na choo tu. Ajipime siku tatu za wiki, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kula, achukue wastani, alinganishe wastani wa mwezi na mwezi. Utepe wa mkono, paja na kiuno mara moja kwa mwezi, siku ambayo hajafanya mazoezi. Picha akipenda, taa moja, sehemu moja, amesimama vilevile.

KakaMkubwa

Hajameza. Nimemwuliza leo bila kelele, akanionyesha mazungumzo yote. Alikuwa anasubiri kutuma hela. Hiyo programu ya siku 28 naye amesema hainunui, ila anataka kujua ale protini kiasi gani na afanye mazoezi mara ngapi, maana anasema kilo moja kwa mwezi hata yeye anaweza kuisubiri.

KochaWaAlfajiri

Protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku inamtosha. Uchambuzi wa mwaka 2018 uliounganisha tafiti 49 ulionyesha kuwa kuzidi hapo hakuongezi cha maana kwa wastani. Kwa kilo 61 ni karibu gramu 98, agawe kwenye milo yake ya siku, na si lazima iwe ya kopo. Kwa kuwa ni mwembamba, chakula kwa jumla kizidi kidogo anachotumia. Kila kundi la misuli aliguse mara mbili kwa wiki, aongeze mzigo au marudio kidogo kila anapoweza, aandike kwenye daftari. Alale. Na kreatini akitaka, gramu 3 hadi 5 kwa siku, akijua kwamba kilo ya wiki ya kwanza ni maji.

Baada ya miezi mitatu alete hapa wastani wake wa uzito, vipimo vya utepe na mizigo anayobeba. Nitavipitia mwenyewe.